Jiwe Namba Saba

Daftari la kwanza lilimfurahisha mwalimu. Mwandiko safi, hesabu zimepangwa, mistari imepigwa kwa rula. La pili nalo likampendeza. La tatu alilisoma huku akinywa chai, na hapo kikombe kikaishia hewani, maana kosa la mwisho lilikuwa milimita nne, kama la daftari la pili, kama la daftari la kwanza. Akaweka kikombe chini. Akavuta la nne, la tano, la kumi, akaenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho. Milimita nne. Milimita nne. Milimita nne.

Hapa yafaa mtu aelewe jambo moja la upimaji ardhi, na wala halihitaji digrii. Ukitaka kujua uwanja umeinuka wapi na umeshuka wapi, unaanzia kwenye jiwe lililochimbiwa ardhini, ambalo mwinuko wake unajulikana. Unasimamisha leveli, yaani ile darubini ya miguu mitatu. Mwenzako anasimamisha rula ndefu kuliko mlango, unasoma, unaandika, mnasogea. Mnazunguka uwanja mzima mpaka mnarudi kwenye jiwe lile lile. Mkirudi, hesabu haitalingana kabisa na mlikoanzia. Jua, upepo, macho, mkono unaotetemeka, kila kimoja kimetia chake. Kila mtu ana kosa lake. Watu mia na sitini hawawezi kukosea sawasawa, labda kama wamekosea kwa mashine ya fotokopi.

Na huo ulikuwa msiba mdogo. Msiba mkubwa ulikuwa ukurasa wa kwanza. Wote mia na sitini walianzia jiwe namba saba, na jiwe namba saba lilikuwa limezikwa miaka mitatu nyuma, siku lilipomwagwa zege la maegesho ya jengo jipya la utawala. Mwalimu aliandika barua wakati ule kuomba lihamishwe kwanza. Barua haijajibiwa mpaka leo. Juu ya jiwe hilo sasa hupumzika gari la mkuu wa chuo.

Wanafunzi walimwita Milimita, kwa sababu hakusamehe hata moja. Lakini siku hiyo, akiwa peke yake na rundo lile, mtu wa kwanza aliyemkasirikia alikuwa yeye mwenyewe. Kazi ya uwandani ilikuwa ya msaidizi wake, na msaidizi aliondoka katikati ya muhula baada ya kula ahadi badala ya mshahara. Milimita akaongezewa darasa hilo juu ya mengine matatu. Akawaambia wanafunzi wajigawe, waazime leveli ghalani, wakapime. Ghalani kulikuwa na leveli moja nzima. Alijua. Akavaa miwani ya mbao, akaendelea na mambo mengine.

Daftari la thelathini na moja lilikuwa la binti wa dada yake.

Binti huyo aliishi naye tangu mwaka wa kwanza, akimwita mama mdogo, akila sahani moja naye. Jioni ile alimkuta jikoni akikatakata vitunguu. Mwalimu akaliweka daftari juu ya meza, pembeni ya ubao wa kukatia.

"Jiwe namba saba liko wapi?"

Binti akatazama daftari, kisha vitunguu. "Mama mdogo, usianze."

"Nimeuliza liko wapi."

"Sijui! Hakuna anayejua. Lile daftari linauzwa pale steshenari ya getini, bei ya soda mbili. Wamelinunua walionitangulia, na waliowatangulia. Ukitoa kidogo zaidi unaandikiwa kabisa na mwandiko unaofanana na wako."

"Na wewe ulitoa kidogo zaidi?"

"Mwandiko ni wangu," alisema binti, kama mtu anayejitetea kwa jambo la heshima. Kisha akatupa kisu kwenye sinki. "Unataka nifanyeje? Leveli moja, watu mia na sitini! Nimeandika jina kwenye foleni ya ghala wiki ya pili, zamu yangu ingefika mwakani. Kila mwaka ada inapanda, kila mwaka tunalipa ada ya vifaa. Mama kauza cherehani yake ya pili kwa ajili ya hiyo ada. Vifaa viko wapi, mwalimu? Wewe upo huko ndani. Tuambie."

Alipomwita mwalimu badala ya mama mdogo, ilikuwa kofi. Milimita akaokota kisu kwenye sinki, akamalizia kukata. Walikula, na vitunguu vilikuwa havijaiva.

Asubuhi alijaza fomu ya maksi. Sifuri mia na sitini, moja chini ya nyingine, ile ya thelathini na moja ikiwa imekolezwa wino kwa sababu kalamu ilisimama pale kwa muda. Akaipeleka ofisini kwa mkuu wa idara.

Mkuu wa idara na Milimita walisoma pamoja zamani. Walibebeshana rula kwenye matope, wakagawana viatu vya mvua, cha kushoto kwake, cha kulia kwa Milimita. Sasa bwana yule alikuwa na kiti kinachozunguka, na alipoiona fomu, kiti kilisimama.

"Hii ni nini?"

"Ni matokeo."

"Haya si matokeo, haya ni maafa. Mahafali ni baada ya wiki tatu. Mahema yamekodiwa. Wazazi wamealikwa." Akashusha sauti, akawa rafiki. "Sikiliza, dada yangu. Siku hizi hawa ni wateja. Mteja analipa, mteja anataka mzigo wake."

"Mzigo gani? Hatujawapa kitu. Tumewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka minne. Mmoja wao atakwenda kupima mtaro wa maji machafu, maji yapande mlima, yaingie kwenye nyumba za watu. Utamwambia nani kwamba alikuwa mteja?"

"Sifuri mia na sitini! Watu watasema mwalimu ndiye kafeli."

"Watasema kweli. Niandikie na mimi sifuri. Nipe wiki mbili na leveli tatu, niwatoe nje wote kwa zamu, kisha tufute sifuri zote, yangu ikiwemo."

"Leveli tatu nizitoe wapi?"

"Kwenye ada ya vifaa."

Mkuu wa idara akaangalia dirishani, kule ambako jengo jipya liling'aa vigae. Akafungua droo, akatoa fomu nyingine iliyokwisha kuchapwa, maksi zimejazwa, sitini na kitu, sabini na kitu, zimetawanywa vizuri ili zisifanane. Kilichobaki ni nafasi ya saini.

"Mkataba wako unaisha mwezi huu," alisema. "Na binti yako yumo humu, sabini na moja. Mimi nakusaidia wewe na dada yako. Usipige teke kibuyu cha maziwa."

Milimita aliisoma ile fomu mpaka mwisho. Alikuwa na kodi ya nyumba. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, umri ambao hakuna chuo kinachokuita kwa usaili. Kisha akaisukuma fomu irudi ilikotoka.

"Saini yangu haijui kusema uongo," alisema. "Ikijifunza leo, kesho itanidanganya mimi."

Dada yake alipiga simu kabla hata hajafika nyumbani. Habari mbaya haina breki.

"Nasikia unamfelisha mtoto wangu."

"Dada, nisikilize kwanza..."

"Nani alikusomesha wewe? Baba alipofariki, nani aliacha shule akakaa kwenye cherehani ili wewe uende?"

"Ni wewe."

"Ulipata hayo macho ya kuona milimita kwa miguu ya nani?"

"Kwa miguu yako, dada. Sijasahau hata siku moja."

"Basi?"

Milimita alisimama kando ya barabara, watu wakimpita. "Dada, ungekuwa na fundi anakushonea mapazia ya mteja, akakuletea kitambaa hakijakatwa, akasema kimeshashonwa, ungempelekea mteja?"

"Usiniletee mifano! Mimi sikusoma, sijui mifano. Ninachojua nimelipa." Simu ikakatwa. Milimita alilia pale pale barabarani, bila kujificha, kisha akajifuta kwa mtandio akaenda zake.

Alichofanya baadaye hakuwa amekipanga. Alibandika karatasi kwenye mlango wa darasa: *Anayetaka kujua jiwe namba saba liko wapi, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya jengo la utawala. Njoo na kofia.*

Walikuja kama sitini, na wengi walikuja kugombana. Jamaa mmoja mwenye sauti nene, ambaye wenzake walimwita Spika, alianza kabla ya salamu: wamelipa, wamechoka, mwalimu ana roho mbaya, kama hataki kazi aache. Milimita alimwacha amalize. Kisha akatembea mpaka kwenye maegesho, akapiga kisigino chini mara mbili.

"Liko hapa. Chini ya zege. Mmeanzia vipimo vyenu chini ya gari la mkuu wa chuo. Nimeona mia na sitini mmesimamisha rula humo. Naomba mmoja aniambie aliingia vipi."

Mtu mmoja akacheka. Kicheko kikaambukiza. Hata Spika alicheka, halafu akakasirika kwamba amecheka.

"Mimi ndiye niliyepaswa kuwatoa nje, sikuwatoa," alisema Milimita. "Kosa hilo ni langu, nawaomba radhi. Vifaa mlivyolipia havipo, na hilo si kosa langu wala lenu. Lakini leo nina leveli yangu mwenyewe. Ni kuukuu. Anayetaka kujifunza abaki. Anayetaka maksi, ofisi hufunguliwa Jumatatu."

Wakabaki kumi na tisa. Spika aliondoka, akarudi, akasema kasahau kofia. Binti wa dada yake alibaki kwa mbali, amekunja mikono, uso kama mlango uliofungwa.

Leveli ya Milimita aliinunua kwa mpima ardhi mstaafu, na ilikuwa ya zile za kale zinazoonyesha dunia kichwa chini miguu juu. Ukichungulia, mtu anaonekana amening'inia kama popo, na namba za rula nazo zimepinduka. Alianzia jiwe namba nne, karibu na tangi la maji, akawaonyesha kuweka miguu mitatu, kutuliza kipovu cha maji katikati, kusoma, kuandika. Halafu akawaachia, akakaa juu ya tofali. Walizunguka uwanja saa mbili nzima wakigombana kama wanandoa. Waliporudi kwenye jiwe, Spika akajumlisha, akakuna kichwa, akajumlisha tena.

"Mwalimu, kosa letu ni mita moja na sentimita kumi na nane."

"Hongereni. Mmechimba kisima."

Wakatafuta ukurasa kwa ukurasa wapi wameharibu. Binti ndiye aliyeligundua, maana ndiye aliyelifanya. Mtu alimpa rula aishike kwenye kituo cha sita, kwa sababu alikuwa amesimama bure, naye kwa hasira aliisimamisha juu chini. Aliyekuwa akisoma ni Spika.

"Na wewe hukuona?" aliulizwa.

"Niliona!" alisema Spika. "Nikasema afadhali hapa namba zimekaa vizuri, sio kule kote zimepinduka."

Milimita alicheka mpaka akashika mbavu. Binti alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. "Mama mdogo, miaka minne," alisema. "Miaka minne, na sijui rula inaanzia upande gani."

Hakuna aliyecheka tena. Wakarudia. Mara ya pili sentimita tisa. Mara ya tatu, jua likiwa la utosi, ngozi zinawaka, binti mwenyewe akisoma darubini na Spika akibeba rula bila hata neno, kosa lilikuwa milimita kumi na moja. Walipiga kelele mlinzi akaja mbio akidhani kuna mwizi. Milimita kumi na moja si kosa la kujivunia, kwa kweli. Lakini lilikuwa lao, hawakulinunua getini.

Walikuja Jumamosi iliyofuata, na ya tatu pia. Siku mbili baadaye matokeo yakabandikwa: wote mia na sitini wamefaulu. Fomu ilikuwa imetiwa saini na mtu mwingine. Milimita akapewa barua ya ukurasa mmoja, ya kumshukuru kwa utumishi wake na kumtaka arudishe ufunguo wa kabati la mitihani kwenye ofisi ya mitihani. Alikuwa amemwaga unga rasmi.

Alikwenda kuurudisha asubuhi. Ukumbi wa ofisi hiyo ulijaa watu wanaofuata majoho, na kwenye benchi la mbele alimkuta dada yake, amesafiri tangu alfajiri, kavaa vizuri, mfuko una gauni jipya la sherehe. Walisalimiana kwa shida. "Shikamoo dada." "Marahaba." Kisha dada akasogea kidogo kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja, naye akakaa.

Binti alikuwa dirishani, wa kwanza kwenye foleni. Karani wa mitihani, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa ameishika karatasi yake kwa vidole viwili.

"Mwanangu, hii ni fomu ya rufaa."

"Ndiyo."

"Umepata sabini na moja."

"Nimeona."

"Hapa umeandika unastahili sifuri." Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Rufaa ni ya kupandishiwa. Ya kushushiwa haipo."

"Fomu haisemi kupandishiwa, mama. Inasema mwanafunzi asiyeridhika na matokeo. Mimi sijaridhika. Na kanuni inasema mtu akikata rufaa, matokeo ya somo zima yanasimamishwa mpaka mtahini wa kutoka nje afungue kazi zote azisome. Nataka azisome. Zote mia na sitini. Nataka aulize jiwe liko wapi, na ada ya vifaa iko wapi."

Ukumbi ukachemka. "Unatuharibia!" alipiga kelele mmoja kutoka nyuma. "Kama wewe hukusoma, sisi tumesoma!" Binti akageuka. Sauti yake ilikuwa imenyooka.

"Wapi? Nionyeshe ulipopimia. Twende sasa hivi, leveli ipo."

Spika akasogea akasimama nyuma ya binti, fomu mkononi. Akaja mwingine, na mwingine. Milimita alizihesabu zile fomu, akafika kumi na tatu. Sita kati ya wale kumi na tisa hawakuja, na hakuwalaumu. Si kila mtu ana mahali pa kuangukia.

Lakini mtu ambaye Milimita alimwogopa hakuwa karani. Dada yake alikuwa ameinuka, na mfuko wa gauni ulikuwa umeanguka chini. Akaenda dirishani moja kwa moja, watu wakampisha, maana alikuwa na uso wa mama anayekuja kumvuta mtoto sikio.

"Unafanya nini wewe?"

"Mama, nisamehe."

"Nimeuliza unafanya nini. Nimekuja kuchukua joho."

"Walichukua pesa yako, mama, hawakunifundisha." Sasa binti alikuwa analia waziwazi. "Mama mdogo kanifundisha siku tatu, bure, juani. Hao miaka minne hawakunipa hata siku moja. Nikilichukua hilo joho, nawaambia tumelipana. Hatujalipana!"

Dada alimtazama binti yake, ngozi ya pua imechunika kwa jua, kisha akageuka akamtazama mdogo wake pale kwenye benchi. Milimita hakuinamisha macho. Hakuna lililobaki la kusema kati yao ambalo halikuwa limesemwa kwenye simu.

Dada akamgeukia karani. "Hiyo fomu. Na mimi nipe."

"Mama, wewe si mwanafunzi. Hii ni ya mwanafunzi."

"Aliyelipa ni nani?"

"Ni... mzazi, mama. Lakini mzazi hana fomu."

"Miaka minne nikija na pesa kwenye madirisha haya haya, mlikuwa na fomu yangu. Ya kulipia ilikuwepo, ya kuongezewa ada ilikuwepo, ya faini ilikuwepo. Leo sijaridhika, fomu hakuna?" Akashika kingo za dirisha kwa mikono yake miwili, mikono ya cherehani, yenye sugu kwenye dole gumba. "Basi tafuta karatasi nyeupe, mwanangu. Mimi sijui kuandika sana. Huyu mdogo wangu ataniandikia, nami nitatia dole."

Karani akatazama foleni. Akatazama mlango wa ndani, kule kwa wakubwa, uliokuwa umeanza kufunguka. Kisha akafungua droo yake, akatoa karatasi nyeupe, na baada ya kufikiri kidogo, akatoa rundo zima.